Lugha na Ushahidi wa Kompyuta: Kazi ya Mpelelezi kutoka Ikonge hadi Mahakamani

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya mpelelezi wa serikali anayeshughulikia makosa ya kompyuta nchini Kenya, na kuonyesha mahali ambapo kazi hiyo inageuka kuwa kazi ya lugha. Wataalamu wa lugha wamezoea kuiona kazi hiyo kuwa ya mafundi wa mitambo na ya wanasheria. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mpelelezi anazo njia madhubuti za kuthibitisha kuwa data iliyofika mahakamani ndiyo ile ile iliyotoka katika simu ya mshukiwa, lakini hana njia yenye uthabiti wa namna hiyo ya kuthibitisha kuwa maana iliyomfikia hakimu ndiyo ile ile iliyokusudiwa katika ujumbe. Kati ya simu na hakimu pana tafsiri, na tafsiri hiyo ni pete ya mnyororo ambayo sheria haikuidai kumbukumbu za kiwango sawa na pete nyingine.

Ili maelezo yasielee hewani, mfano umechukuliwa kutoka Ikonge, soko lililomo katika kaunti ya Nyamira. Ikonge haikuchaguliwa kwa kuwa wakazi wake ni wahalifu kuliko watu wa mahali pengine. Imechaguliwa kwa hali yake ya lugha. Wenyeji husema Ekegusii. Kiswahili hutumika sokoni na baina ya watu wasiojuana, nacho Kiingereza hutawala shuleni na katika maandishi ya ofisi. Kaunti yenyewe inapakana na Kericho, kwenye wasemaji wa Kikipsigis, na Homa Bay, kwenye wasemaji wa Kidholuo. Ujumbe mmoja wa simu uandikwao katika mazingira kama hayo unaweza kubeba lugha tatu ndani ya mistari miwili, na mwandishi wake asione ajabu yoyote.

2. Msingi wa kisheria

Yafaa kwanza kueleza kwa ufupi sheria inayomwongoza mpelelezi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao, Na. 5 ya 2018, ndiyo inayotaja makosa yenyewe. Vifungu vyake 26 vilisimamishwa na Mahakama Kuu tarehe 29 Mei 2018, kabla ya kuanza kutumika. Zuio hilo likaondolewa kwa hukumu ya tarehe 20 Februari 2020. Sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho mwaka 2025. Pamoja na kutaja makosa, inampa mpelelezi taratibu za kufuata: kifungu cha 48 kinahusu upekuzi na uchukuaji wa data kwa kibali cha mahakama, cha 50 kinahusu amri ya kumtaka mtu au kampuni itoe kumbukumbu, na cha 51 kinahusu kuhifadhiwa kwa data inayoweza kupotea upesi.

Kukubaliwa kwa ushahidi wenyewe kunatawaliwa na Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80. Kifungu cha 106B, kilichoingizwa mwaka 2009, kinadai cheti kinachotambulisha kumbukumbu ya kielektroniki, kinachoeleza jinsi ilivyotolewa na kifaa kilichoitoa, na chenye saini ya mtu mwenye dhamana juu ya kifaa hicho au juu ya shughuli zake. Kifungu cha 78A, kilichoongezwa mwaka 2014, kinaitaka mahakama, inapoupima uzito wa ushahidi huo, iangalie jinsi data ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyopelekwa, jinsi uzima wake ulivyolindwa, na jinsi mwenye kuianzisha alivyotambuliwa.

Msomaji wa lugha atagundua mara moja kwamba masharti haya yote yanahusu chombo na data. Hakuna hata moja linalouliza jinsi maneno yaliyomo yalivyohamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine.

3. Njia ya kielelezo

Na tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja auzaye ndizi Ikonge amepoteza shilingi 8,000 kwa kuzituma kwa M-Pesa, huduma iliyoanza nchini Kenya mwaka 2007, kwa mtu asiyemjua. Anapeleka malalamiko polisi, na baada ya muda simu ya mshukiwa inapatikana.

Mpelelezi anayeijua kazi yake haifungui simu hiyo papo hapo ili asome. Kuifungua tu ni kuibadilisha, kwa kuwa kila tendo huacha alama katika kumbukumbu za simu. Kwanza huikata na mawasiliano, aghalabu kwa kuitia katika mfuko uliofumwa kwa nyuzi za madini uzuiao mawimbi, ili mtu aliye mbali asije akafuta yaliyomo. Huandika saa, mahali, hali ya simu na jina la aliyeipokea. Kila mkono unaoipokea baadaye hutia saini. Huo ndio mnyororo wa makabidhiano, na pete yake moja ikikosekana, wakili wa mshtakiwa ana haki ya kuuliza ni nani aliyekuwa na simu wakati huo.

Katika maabara, fundi hunakili data yote kwa namna ambayo haiandiki chochote kwenye chombo cha asili. Kisha hukokotoa alama ya tarakimu iitwayo hashi. Kwa kanuni ya SHA-256, maandishi yoyote, yawe sentensi moja au maktaba nzima, huzaa mfuatano wa alama 64. Herufi moja ikibadilishwa, mfuatano huo hubadilika kabisa. Kwa hiyo hashi ya nakala ikilingana na hashi ya asili, mahakama inajua kwamba hakuna nukta iliyoongezwa wala kupunguzwa. Mwongozo wa kimataifa wa ISO/IEC 27037 wa mwaka 2012 unaeleza taratibu za kutambua, kukusanya na kuhifadhi ushahidi wa aina hii. Idara ya Upelelezi wa Jinai ya Kenya, kwa upande wake, ina maabara ya taifa iliyofunguliwa rasmi Nairobi mwaka 2022.

Mpaka hapo kazi ni imara. Lakini hakimu hahukumu hashi. Anahukumu maneno, na maneno hayo yako katika Ekegusii, Kiswahili na lugha ya mchanganyiko, ilhali kumbukumbu nyingi za mahakama huandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, kifungu cha 198, inaruhusu mahakama za chini kutumia Kiingereza au Kiswahili. Na Katiba ya 2010, ibara ya 50, inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Haki hiyo ni kubwa, lakini inahusu yanayosemwa ndani ya mahakama. Ujumbe wa simu ulikwisha kutafsiriwa kabla ya kufika humo, labda na askari aliyeandika taarifa, na tafsiri yake haina hashi.

4. Kiashiria 'ile' na udanganyifu

Sehemu hii inachunguza sentensi moja ambayo Wakenya wengi wameipokea katika simu zao:

   Ile pesa tuma kwa namba hii.

Sentensi ni fupi, na kwa juu juu haina uongo. Kitenzi chake kiko katika hali ya kuamuru, na amri haiwezi kuwa kweli wala uongo. Hapa pana tatizo la kisheria. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 312, inaeleza udanganyifu kuwa ni dai, kwa maneno, maandishi au mwenendo, juu ya jambo la hakika lililopita au lililopo, ambalo ni la uongo na ambalo mwenye kulitoa anajua kuwa ni la uongo. Wakili wa mshtakiwa anaweza kuuliza, bila hila yoyote: mteja wangu amedai jambo gani? Ameomba pesa tu, na kuomba si kosa.

Jibu limo katika kiashiria. Wanasarufi, tangu Ashton (1944), wameonyesha kwamba kiashiria kinachotangulia nomino hakifanyi kazi ile ile ya kiashiria kinachofuata nomino. 'Pesa ile' yaweza kuonyesha pesa iliyo mbali na wasemaji. 'Ile pesa' hudokeza kwamba kitu kinachotajwa kinajulikana na pande zote mbili, kwa sababu kimekwisha kuzungumzwa. Kwa hiyo mwandishi wa ujumbe, kwa neno 'ile', anadai mambo mawili ya hakika: kwamba pana pesa iliyokwisha kuafikiwa baina yake na mpokeaji, na kwamba yeye ndiye aliyeafikiana naye. Yote mawili ni ya uongo, na anajua. Halafu kiashiria cha pili, 'hii', kinaipinga namba hii na nyingine iliyotarajiwa, kana kwamba mtu ni yule yule na kilichobadilika ni laini tu.

Mpokeaji ndiye anayeijaza nafasi iliyoachwa wazi. Mwenye kudaiwa mchango wa chama huona ni mweka hazina. Mwenye kudaiwa karo huona ni mwalimu. Muuza ndizi anayedaiwa nauli ya mzigo huona ni mwenye gari. Mlaghai hana haja ya kujua deni ni la nani. Sarufi inamfanyia kazi hiyo.

Sasa sentensi hiyo itafsiriwe kwa Kiingereza kwa haraka, kama iwezavyo kutokea katika meza yenye majalada mengi. Itakuwa ombi la kutuma pesa kwa namba fulani. 'Ile' itakuwa imefifia mpaka kuwa kibainishi kidogo ambacho msomaji wa Kiingereza hukipita bila kukiona, au itakuwa imetoweka kabisa. Pamoja nayo litakuwa limetoweka dai la uongo, yaani kiini cha shtaka. Mama wa Ikonge atashindwa kesi, wala hakuna atakayegundua kwamba ushahidi wake ulipotea katika tafsiri, kwa maana hashi bado inalingana.

5. Herufi moja na kanuni ya kutosahihisha

Hatari ya pili iko katika tahajia. Zilinganishwe sentensi mbili:

   (a) Nimemaliza.
   (b) Nimemmaliza.

Ya kwanza husema kazi imekwisha. Ya pili ina kiambishi cha yambwa -m-, nayo yaweza kumaanisha kwamba mtu ameuawa, ameshindwa, au amenyang'anywa alicho nacho. Tofauti ni herufi moja, na watu waandikao upesi kwenye simu mara nyingi huandika m moja badala ya mbili. Basi (a) ikionekana katika simu, yaweza kuwa (a) kweli, au yaweza kuwa (b) iliyopungukiwa na herufi. Anayetafsiri hana budi kuchagua. Kosa halimo katika kuchagua. Limo katika kuchagua kimya kimya, hata hakimu asijue kwamba palikuwa na njia panda.

Kinyume chake pia ni hatari. Mtu aliyesoma vizuri, akikuta 'hio' huiandika 'hiyo', akikuta 'kua' huiandika 'kuwa', kwa nia njema kabisa. Darasani huko ni kufundisha. Katika kielelezo huko ni kuharibu ushahidi, kwa kuwa mazoea ya tahajia ni miongoni mwa dalili chache za kutambua ni nani hasa aliyekuwa ameshika simu. Laini huandikishwa kwa jina la mtu mmoja na kutumiwa na mwingine. Mazoea ya kuandika huandamana na mwenyewe.

Kwa Ekegusii jambo lina uzito zaidi. Lugha hiyo ina irabu saba na pia ina toni, lakini wasemaji wake huiandika kwenye simu kwa irabu tano zile zile za Kiswahili, bila alama ya toni. Maneno yanayotofautiana waziwazi mdomoni yaweza kuandikwa sawasawa. Anayesoma hutegemea muktadha, na muktadha huo ndio usiojulikana kwa mtafsiri aliyeko Nairobi. Tena pana lahaja mbili zinazotajwa na wachunguzi, Rogoro na Maate. Si kila ajuaye Ekegusii, basi, anafaa kutafsiri kila ujumbe wa Ekegusii. Ujumbe wa sauti una toni zake zote, lakini mara unapoandikwa ili uingie katika jalada, toni hizo hubaki nje.

6. Saa ya simu na saa ya Kiswahili

Wakati ni nguzo ya upelelezi wote, na hapa mambo matatu hukutana. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu wakati kwa sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, kwa saa ya ulimwengu. Kenya iko mbele ya saa hiyo kwa saa tatu. Msemaji wa Kiswahili naye huanza kuhesabu saa zake machweo na macheo, yaani tofauti ya saa sita na uso wa saa ya kizungu.

Tuseme ujumbe ulitumwa, kwa kumbukumbu ya simu, saa 18:12 za ulimwengu. Kwa saa ya Kenya ni 21:12. Kwa Kiswahili ni saa tatu na dakika kumi na mbili usiku. Shahidi husema, na kusema kweli, kwamba alikuwa pamoja na mshtakiwa 'saa tatu usiku'. Mwandishi asiye makini akaitia katika Kiingereza tarakimu ile ile ya tatu na neno usiku. Msomaji wa jalada ataelewa saa tisa ya usiku wa manane, na shahidi aliyekuwa anamwokoa mshtakiwa ataonekana kuzungumzia wakati usiohusika. Na mtu akiiona 18:12 bila kuongeza saa tatu, atadhani ni saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili jioni, na atamweka mshtakiwa mahali pengine kabisa.

Siku nazo zina utata wake. Kwa mapokeo ya pwani siku huanza machweo, hata 'usiku wa Jumapili' ukawa ndio utanguliao mchana wa Jumapili. Msemaji wa bara kwa kawaida hukusudia usiku unaoufuata mchana huo. Lugha imekwisha kutoa dawa katika usemi 'usiku wa kuamkia Jumapili', usio na utata. Yafaa mpelelezi anayeandika taarifa kwa Kiswahili aushike.

7. Istilahi ya kosa: kuingia, kuingilia na kunasa

Jambo la mwisho ni jina la kosa. Magazeti na watu wa kawaida hutumia 'udukuzi' kwa karibu kila tendo ovu la kompyuta. Kamusi za zamani zina kitenzi 'dukiza', yaani kusikiliza kwa siri maneno ya wengine, na nomino 'mdukizi'. Maneno hayo yanafanana na 'dukua' na 'mdukuzi' kwa umbo na kwa maana. Lakini sheria ya 2018 haina kosa moja la jina hilo. Kifungu cha 14 kinahusu kuingia katika mfumo bila idhini. Cha 16 kinahusu kuuvuruga mfumo au data yake. Cha 17 kinahusu kunasa data inapopita. Mashtaka yake ni mbalimbali.

Katiba, ibara ya 49, inataka mtu anayekamatwa aelezwe upesi, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Kijana anayeambiwa 'umekamatwa kwa udukuzi' ameelezwa nini? Huenda alitumia nywila aliyopewa na rafiki na kuingia pasipo ruhusa ya mwenye mfumo. Hakuvunja chochote wala hakusikiliza siri ya mtu. Atakana, tena kwa moyo safi, kosa ambalo hakulielewa.

Kiswahili hakikosi nyenzo za kutenganisha makosa haya. Kauli ya kutendea peke yake inatofautisha mawili: 'kuingia bila idhini' kwa kifungu cha 14, na 'kuingilia bila idhini' kwa kifungu cha 16. La tatu ni 'kunasa'. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini humo. Istilahi za nchi hizo mbili zingefaa kulinganishwa mapema, kabla hazijaachana njia.

8. Mapendekezo

Kutokana na hayo, mapendekezo manne yanatolewa. Kwanza, ujumbe uwekwe katika jalada kwa tahajia yake ya asili, pamoja na alama na picha zake, bila kusahihishwa. Pili, chini yake ziwepo tafsiri mbili: moja ya neno kwa neno, inayoonyesha viambishi na viashiria, na nyingine ya maana. Utaratibu huo ni wa kawaida katika uchunguzi wa lugha. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaujua. Tatu, mtafsiri atajwe, aandike lugha na lahaja anazozijua, atie saini na saa, na aorodheshe kila mahali palipokuwa na maana zaidi ya moja, kama vile kila mtu aliyeshika simu anavyoandikwa. Nne, idara za lugha za vyuo vikuu zishirikiane na wapelelezi, waendesha mashtaka na Mahakama kutengeneza orodha ya istilahi za makosa haya kwa Kiswahili na kwa lugha kama Ekegusii.

Inaweza kupingwa kwamba utaratibu huu ni ghali mno kwa kesi ya shilingi 8,000. Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake ni kwamba si lazima simu nzima itafsiriwe namna hiyo. Katika maelfu ya ujumbe ulio ndani ya simu moja, unaobeba shtaka aghalabu ni mchache sana. Katika mfano wa Ikonge ni mmoja tu, wenye maneno sita. Kuyaandika maneno sita sawasawa kunahitaji nusu saa ya mtu anayejua kazi yake, na watu hao vyuo vikuu vinawafundisha kila mwaka.